Mboga za Mvua ya Kwanza: Kutoka Tutani hadi Jikoni

Hapa kwetu Tanga, mwezi wa Machi huwa na siku chache ambazo upepo wa kaskazi unalegea, jasho halikauki hata kivulini, na jioni mawingu mazito yanajikusanya. Dalili ya mvua ni mawingu, na masika yako mlangoni. Mwenye bustani anayeyaona mawingu hayo akaenda kulala amekwisha kuchelewa. Yule anayechukua jembe, akalainisha tuta moja nyuma ya nyumba, akatia samadi na kusia mbegu, atakula mchicha wake mbichi mwezi wa Aprili, wakati jirani bado ananunua sokoni mafungu yaliyoshinda juani.

Mwongozo huu ni wa mboga za majani zinazofuata mvua: mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, mnavu, mgagani na kisamvu. Nimezilima kwenye kiwanja kidogo kwa miaka mingi, na funzo kubwa nililolipata ni moja: mboga ya majani haitaki utajiri wala shamba kubwa, inataka kuwahiwa. Uwahi kupanda, uwahi kuchuma, na kwa nyingi kati ya hizo, uwahi kuepua. Mboga ikiwa ngumu, chungu au imepooza mdomoni, tafuta mahali ilipocheleweshwa, na mara nyingi utapaona.

Kwa nini mvua ya kwanza

Wakati wa kiangazi udongo hukauka, na vijidudu vinavyoozesha majani makavu na mizizi iliyokufa hutulia. Mvua ya kwanza ikiulowesha udongo huo, vijidudu huamka kwa pamoja, huozesha mabaki yote yaliyolimbikizana na kuachia naitrojeni nyingi kwa siku chache. Naitrojeni ndicho chakula cha majani. Ndiyo maana magugu ya wiki za mwanzo huota kwa fujo, kijani kibichi, hata mahali ambapo hakuna aliyetia mbolea.

Utajiri huo haukai. Mvua ikikolea, maji huusukuma chini mbali na mizizi mifupi ya mboga, na mengine huusomba kabisa. Mbegu iliyo tayari ardhini siku ya mvua ya kwanza huupata. Iliyopandwa mwezi mmoja baadaye hukuta udongo umeoshwa, na juu ya hapo inapigwa na mvua kubwa kabla haijashika mizizi. Mwaka mmoja nilingoja mpaka niwe na hakika kwamba masika yameingia kweli. Nikasia mchicha asubuhi, usiku ikanyesha mvua kubwa, na wiki iliyofuata mchicha wangu wote ulikuwa umeota mstari mmoja kwenye mtaro wa jirani. Tangu siku hiyo sisubiri hakika.

Ujue msimu wa kwenu

Pwani ya Tanzania na ya Kenya, na sehemu kubwa ya kaskazini mwa Tanzania, kuna misimu miwili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba. Ukiwa Dodoma, Singida, Mbeya, Ruvuma au Mtwara, msimu ni mmoja tu, unaoanza Novemba au Disemba na kuisha karibu na Aprili. Kwa hiyo usifuate tarehe ya mtu wa mkoa mwingine. Hesabu kutoka kwenye mvua ya kwenu: tuta liwe tayari wiki tatu kabla, mbegu za kwanza ziingie ardhini wiki moja kabla au mara tu baada ya manyunyu ya kwanza. Mvua ikichelewa, ndoo moja ya maji asubuhi inatosha kulea tuta dogo mpaka ifike.

Andaa tuta

Tuta liwe na upana wa mita moja, ili ufikie katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo. Urefu ni nafasi yako. Hata mita tatu zinalisha nyumba ndogo. Lima kina cha jembe moja, vunja mabonge, ondoa mizizi ya ndago na sangari yote, maana ukiacha kipande utakutana nacho tena. Changanya samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita moja ya tuta. Samadi iliyooza haina joto, hainuki, na ukiishika inamumunyuka kama udongo. Samadi mbichi inaunguza miche na inaweza kuleta vimelea vya magonjwa kwenye majani utakayokula, kwa hiyo usiitumie kwenye tuta la mboga. Kama huna mifugo, mboji ya maganda ya ndizi, majani makavu na taka za jikoni inafanya kazi hiyo hiyo, ilimradi uianze miezi mitatu mapema.

Mahali pa mvua nyingi, inua tuta sentimita 15 hadi 20 juu ya njia, maji yasituame. Mahali pakame kama Dodoma fanya kinyume: lishushe tuta chini kidogo ya njia, lipokee kila tone. Ukimaliza, lisawazishe kwa reki, kisha tandaza nyasi kavu mpaka siku ya kusia.

Mboga za kuanza nazo

Panda mboga zisizokomaa kwa wakati mmoja. Hapo utakuwa na kitu cha kuchuma kuanzia wiki ya tatu hadi mvua ziishe.

*Mchicha* ndio wa kwanza kufika mezani. Mbegu zake ni ndogo mno. Gramu moja ina zaidi ya elfu moja. Ukizirusha kwa mkono zitaota kama zulia na kunyongana. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na mikono miwili ya mchanga mkavu, chora mistari yenye nafasi ya sentimita 20, nyunyizia mchanganyiko huo, na ufunike kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita. Kwenye joto la pwani utaona kijani siku ya nne au ya tano. Wiki ya tatu anza kung'oa ile iliyosongamana: huko ndiko kupunguzia, na huo ndio mlo wa kwanza. Iliyobaki iache nafasi ya sentimita 15 na uikate badala ya kuing'oa, nayo itachipua tena. Ukikuta dukani mbegu za Madiira 1 au Madiira 2, aina zilizotokana na kazi ya watafiti wa mboga kule Arusha, zijaribu. Zina majani mapana. Kila baada ya wiki mbili sia mstari mpya, usije ukala mchicha mwingi mwezi mmoja na kukosa mwezi unaofuata.

*Matembele* hayahitaji mbegu. Omba kwa jirani marando ya viazi vitamu yenye urefu wa sentimita 30, fukia theluthi mbili yakiwa yamelala kidogo, nafasi ya sentimita 30. Baada ya wiki nne hadi sita utaanza kuchuma ncha. Tuta moja la matembele linadumu msimu mzima, na hata kiangazi likipata maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni kali.

*Kunde* zipande mbili mbili kwenye shimo la sentimita tatu. Majani machanga huchumwa kuanzia wiki ya nne, na mizizi yake inaurudishia udongo naitrojeni. Ukitaka pia kuvuna kunde zenyewe, chuma majani kwa kiasi. Mmea uliovuliwa nguo hauzai.

*Maboga* yanataka nafasi ya kutambaa. Chimba shimo, jaza samadi nusu, weka mbegu mbili au tatu, na uyaelekeze kwenye uzio au lundo la mboji. Ncha changa huwa tayari baada ya wiki tano au sita. Chuma ncha za matawi ya pembeni, uuache mti mkuu uendelee kuzaa.

*Mnavu*, ambao Kenya wanauita managu, hauna haraka ya mchicha. Usie kitaluni, ulee wiki nne, kisha uhamishe miche jioni kwa nafasi ya sentimita 30. Kwa hiyo kitalu chake kinatangulia: kiwekwe mwezi mmoja kabla ya mvua, chini ya kivuli chepesi, kimwagiliwe kila siku. Tunakula majani na ncha zake tu. Tunda bichi la kijani lina sumu, usilitie chunguni.

*Mgagani* una hila yake. Mbegu iliyovunwa juzi mara nyingi hugoma kuota, kwa kuwa inahitaji miezi kadhaa ya kupumzika. Tumia mbegu ya msimu uliopita. Ukishaota, unakimbilia kutoa maua. Yakate maua yote yanapochungulia, na majani yataendelea kuja.

*Kisamvu* kinatoka kwenye mihogo uliyonayo tayari, au kwenye ule mti mrefu tunaouita mpira, ambao unapandwa kwa kipande cha shina na kuchumwa miaka mingi. Mti mmoja kando ya choo au uzio unatosha familia.

Asiye na kiwanja

Gunia la kilo 100 ni bustani kamili. Kata mkebe wa bati juu na chini, uusimamishe katikati ya gunia na kuujaza kokoto. Zungushia udongo uliochanganywa na mboji mpaka ukingo wa mkebe, kisha uvute mkebe juu, ujaze tena kokoto, na uendelee hivyo hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo mshipa wa maji. Bila nguzo, juu kutaloa na chini kutabaki vumbi. Panda mnavu au sukuma wiki kwenye matundu ya ubavuni na mchicha juu. Gunia lipate jua angalau nusu ya siku.

Maadui wa wiki za mwanzo

Mvua inaleta kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche pale linapogusana na udongo, mche ukaanguka kama umekatwa. Hutokea miche ikisongamana na maji yakituama, kwa hiyo dawa yake ni kupunguzia mapema, kumwagilia asubuhi badala ya jioni, na kutorudia kitalu pale pale msimu hadi msimu.

Vidukari hupenda kunde na mgagani. Geuza jani kila unapopita. Ukiwaona wachache, wabonyeze kwa vidole au uwapulizie maji yenye sabuni kidogo, kisha uoshe jani siku inayofuata. Viwavi waokote asubuhi wakiwa wazito. Majivu makavu yaliyonyunyizwa kuzunguka tuta huwazuia konokono mpaka mvua iyaoshe, ikinyesha, rudia. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha nayo husaidia. Dawa za dukani siziweki kwenye mboga ninayoichuma kila wiki. Ukilazimika, soma kwenye chupa idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, na uzingatie hata kama mboga inakutamanisha.

Kuchuma

Chuma alfajiri, au jioni jua likishatulia. Jani la asubuhi limejaa maji, linavunjika kwa mlio. La saa saba mchana limelegea, na litafika jikoni limenyauka. Kwa mchicha, kata sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, ukiacha majani machache ya chini yaulishe mti. Kwa matembele na maboga, shika ncha uikunje: ikivunjika yenyewe ni changa, ikipinda bila kuvunjika umechelewa kuifuata.

Chuma kila wiki hata kama huna haja nayo. Mboga isiyochumwa hutoa maua, na jani la mmea uliotoa maua huwa gumu na chungu. Wape majirani, wape kuku, lakini chuma. Na jani usilolijua vizuri, hata kama linafanana na mboga, liache shambani.

Jikoni

Osha majani yakiwa mazima, kwenye maji mengi, mara mbili au tatu mpaka mchanga usionekane chini ya beseni. Kisha ndipo ukate. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, vitamini C inaondoka na maji. Pika siku ile ile uliyochuma. Na usile chukuchuku kila siku: vitamini A iliyomo kwenye majani inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee, iwe tui, karanga au kijiko cha mafuta ya kula. Kukamulia ndimu wakati wa kula kunausaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo. Magadi hulainisha haraka na kutunza rangi ya kijani, lakini huua vitamini; kwa jani changa huna haja nayo.

*Mchicha wa nazi.* Kwa mafungu matatu ya mchicha, kuna nazi moja, kamua tui zito ulitenge, kisha ongeza maji ukamue tui jepesi. Weka sufuriani tui jepesi, kitunguu kimoja na nyanya mbili zilizokatwa, na chumvi. Nyanya zikilainika na tui likipungua nusu, tia mchicha, geuza, funika dakika tano. Mimina tui zito na uanze kukoroga taratibu bila kuacha mpaka lichemke mara moja, kisha epua. Ukiacha kukoroga, tui litakatika. Ukilichemsha sana, utakula mafuta yanayoelea juu ya majani yaliyokufa.

*Majani ya maboga kwa karanga.* Vunja kikonyo kutoka mwisho wake na uvute nyuzi za kikonyo na za mgongo wa jani. Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiiruka, mboga itakwaruza koo. Yafikiche majani kwa viganja kuondoa vinywele, osha, katakata. Chemsha na nyanya na kitunguu dakika kumi. Koroga kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa kwenye maji ya uvuguvugu, mimina, na uache moto mdogo dakika kumi nyingine ukigeuza, kwa kuwa karanga hushika chini upesi.

*Mgagani na mnavu.* Uchungu wao ndio utamu wao, lakini unahitaji kutulizwa. Chambua majani, chemsha pamoja dakika kumi hadi kumi na tano, mwaga maji. Magharibi mwa Kenya watu huongeza maziwa na kuacha mboga ilale chunguni usiku mzima, ikapashwa tena kesho yake; kila inapopashwa na kuongezwa maziwa, uchungu unapungua na ladha inakolea. Mahali pa joto, ihifadhi kwenye friji usiku huo, au ichemshe vizuri asubuhi kabla ya kuila.

*Kisamvu* ndicho pekee kinachokataa haraka. Jani la muhogo lina sumu ya sayanidi, na kinachoiondoa ni kinu na moto. Chuma majani machanga, ondoa vikonyo, twanga mpaka yawe laini kabisa. Chemsha kwenye maji mengi bila kifuniko, ili mvuke uondoke na sumu, kwa saa moja au zaidi mpaka harufu ya ubichi iishe. Ndipo uunge kwa tui na kitunguu, au kwa karanga. Pwani wengine hukipika pamoja na kunde zilizochemshwa, mlo unaoshibisha peke yake. Kongo wanakiita sombe, Burundi isombe, na huko hukiunga kwa mawese. Ukimkaribisha mtu wa Bukavu au Bujumbura, muulize namna ya kwao kabla hujatia tui.

Ziada na mbegu

Kuna wiki mbili katikati ya masika ambazo bustani inazidi mdomo. Hapo kausha. Tumbukiza majani ya kunde au mgagani kwenye maji yanayochemka dakika mbili, yachuje, yatandaze kivulini penye upepo juu ya mkeka safi. Jua kali linakausha upesi lakini linaunguza vitamini A. Yakivunjika kwa kugusa, yatie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Wagogo wa Dodoma wanaijua kazi hii kuliko sisi wa pwani: mlenda unaokaushwa msimu wa mvua ndio mboga ya miezi mirefu ya ukame.

Kazi ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Wakati mboga zote ziko katika ubora wake, chagua mchicha mmoja ulio mzuri kuliko yote, wenye majani mapana, usioliwa na viwavi, ulioshinda mvua ile kubwa. Ufunge uzi mwekundu shinani na usiuchume tena. Fanya hivyo kwa mgagani mmoja na mnavu mmoja. Inauma kuuacha mti bora, najua. Mkono unataka kukata huo huo. Lakini ukila mti bora na kuacha dhaifu kwa mbegu, kila mwaka unapanda udhaifu.

Masuke ya mchicha yakikauka, yakate na kuyafikicha juu ya kanga, pepeta kwa ungo. Matunda ya mnavu yaliyoiva meusi yapondeponde kwenye maji, mbegu zinazozama zianike kivulini. Zitie zote kwenye chupa kavu pamoja na majivu kidogo, andika jina na mwezi, na uziweke mahali penye giza na ubaridi.

Kisha gawa nusu. Mpe jirani uliyemwomba marando, mpe dada aliyehamia mjini na gunia lake. Chupa iliyobaki kwako iweke karibu na jembe, maana siku kaskazi itakapolegea tena, hutakuwa na muda wa kuitafuta.